Miaka 5 nyumbani, sasa nataka kurudi kazini: nianzie wapi?

*Swali:* Habari za kazi. Nilifanya kazi ya ununuzi kwa miaka 7, kisha nikaacha ili kulea. Huu ni mwaka wa 5 niko nyumbani. Mkubwa anasoma, mdogo ana miaka 3. Nimetuma maombi mengi na nimeitwa kwenye usaili mara moja tu. Mmoja wa wasaili akaniuliza, "Sasa miaka yote hiyo ulikuwa unafanya nini?" Nilibabaika, na kazi sikupata. Nataka kazi yenye saa zinazoeleweka ili wanangu niwaone, ila sitaki kazi ya kupotezea muda tu. Mume wangu anasema nichukue yoyote itakayotokea, mengine yatajipa. Je, ni kweli? Na hilo pengo kwenye wasifu nilielezeje?
*Mama wa wawili*

*Jibu:*

Mama wa wawili, nianze na huyo msaili, maana naona bado anakukera. Swali lake lilikuwa na kijembe, lakini hata angeuliza kwa upole ungehitaji kuwa na jibu, na jibu tutalipanga hapa. Kwanza uondoe wazo kwamba ukimya wa waajiri ni hukumu juu ya uwezo wako.

Mwaka 2007 Shelley Correll na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti ambao mtu yeyote anayeajiri angepaswa kuujua. Walituma maombi ya kazi ya watu wa kubuni, wawili wawili, wenye sifa zinazolingana. Mmoja alionekana ni mzazi kwa sababu wasifu wake ulitaja chama cha wazazi na walimu. Mwingine hakuonekana hivyo. Wanawake walioonekana kuwa na watoto waliitwa kama nusu tu ya wale wengine. Wanaume wenye watoto hawakupungukiwa na kitu. Mwaka 2018 Katherine Weisshaar akalinganisha makundi mengine mawili: waliokosa kazi kwa kupunguzwa, na walioacha kwa hiari ili kulea. Wote walikuwa wamekaa nje muda uleule, lakini walioacha kulea waliitwa kama nusu ya waliopunguzwa.

Hapo ndipo penye funzo kwako. Kama hofu ya mwajiri ingekuwa kwamba umesahau kazi, angewahofia wote wawili sawasawa. Anachohofia ni kwamba kazi si kipaumbele chako tena, na kwamba mtoto akikohoa mara mbili utaaga. Ukishajua hofu iko wapi, hupotezi muda kujitetea pasipohitajika.

Kwa hiyo jibu la usaili liwe na sehemu tatu fupi: niliacha kwa uamuzi wangu, kipindi hicho kimekwisha, na hiki ndicho ninachokileta. Kwa mfano: "Niliacha kazi nilee wanangu wakiwa wadogo. Sasa mkubwa anasoma na mdogo ana mahali pa kushinda, kwa hiyo nimerudi. Nimesimamia zabuni na mikataba kwa miaka 7, na miezi hii nimejifunza mfumo wa zabuni wa mtandaoni mnaoutumia hapa." Halafu nyamaza. Wengi wanaharibu kwa kuendelea: wanaomba radhi, wanaeleza dada wa kazi alivyoondoka, wanasimulia ugonjwa wa mtoto. Msaili hakuuliza hayo, na kila sentensi unayoongeza inamrudisha kwenye ile hofu. Lifanyie mazoezi kwa sauti hadi ulitoe bila kubadilisha uso.

Kuficha nako hakusaidii. Joni Hersch na Jennifer Shinall walichunguza jambo hili Marekani, wakakuta mwanamke anayeeleza kwa kifupi kwamba pengo lake ni la malezi anapendelewa kuliko anayeliacha bila maelezo. Watu wakikosa maelezo hujaza wenyewe, na wanayojaza si mazuri.

Kwenye wasifu kuna jambo dogo lisilogharimu chochote. Mwaka 2022 timu ya Ariella Kristal ilichapisha jaribio lililofanyika Uingereza kwa maombi zaidi ya 9,000. Walioandika idadi ya miaka waliyofanya kila kazi, badala ya tarehe za kuanza na kumaliza, waliitwa kwa takriban asilimia 8 zaidi ya wale ambao pengo lao lilionekana wazi. Basi badala ya kuweka mwaka mpaka mwaka, andika: "Afisa Ununuzi Mwandamizi, miaka 4. Afisa Ununuzi, miaka 3." Chini ya kila cheo weka mistari michache yenye idadi zako halisi: zabuni ngapi kwa mwaka, thamani ya mikataba uliyosimamia, siku ngapi ulizopunguza kati ya ombi la idara na bidhaa kufika. Malezi yataje kwenye barua ya maombi, sentensi moja. Fomu ikidai tarehe, weka tarehe za kweli. Udanganyifu wa tarehe ukigundulika baadaye unaweza kukufukuzisha kazi.

Kuna mtindo wa kuandika miaka ya nyumbani kama cheo, "Mkurugenzi wa Familia" na mengine ya aina hiyo. Naelewa nia yake, na sina ubishi kwamba kulea ni kazi nzito. Ila wasaili wanacheka ukishatoka. Kama katika miaka hiyo ulifanya jambo lenye hesabu, mfano ulitunza fedha za kikundi au ulisimamia ujenzi, hilo liandike kwa jina lake na kwa idadi. Ukiwa mweka hazina wa kamati ya wazazi, andika "mweka hazina", taja kiasi ulichosimamia, na hao wazazi uwaache pembeni. Umeona hapo juu mstari wa chama cha wazazi ulivyowagharimu wengine.

Sasa saa. Umesema unataka "saa zinazoeleweka", na nimefurahi hukusema tu kazi isiyobana, kwa sababu hayo ni mambo mawili. Nimeona akina mama wakikimbilia kazi iliyotangazwa kuwa haibani, wakafika na kukuta asiyebanwa ni mwajiri: ratiba ya zamu inatoka jioni ya leo kwa ajili ya kesho, saa zinapungua wiki biashara ikiwa mbaya, na simu inaita wakati wowote. Mtu mwenye mtoto wa miaka 3 anaweza kupanga maisha yake na kazi ya saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni kila siku bila tabu kubwa. Hawezi kupanga na kazi ya "tutakujulisha". Ukisoma tangazo, jiulize nani anaamua saa, na anaamua siku ngapi kabla.

Utajuaje kazi ipi inaweza kupangika kweli? Claudia Goldin wa Harvard, aliyepata Nobel ya Uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti ya mapato kati ya wanawake na wanaume inatokana na kazi zinazolipa ziada kwa yule anayepatikana saa zote. Yeye na Lawrence Katz waliichunguza taaluma ya ufamasia Marekani. Zamani wafamasia wengi walikuwa wamiliki wa maduka yao, na mteja alimtegemea mtu mmoja. Baadaye wengi wakawa waajiriwa wa makampuni na hospitali, kumbukumbu za wagonjwa zikaingia kwenye kompyuta, na dawa zenyewe zikawa za viwango vinavyofanana. Mfamasia wa asubuhi akiondoka, wa jioni anafungua faili na kuendelea. Matokeo yake, anayefanya saa chache analipwa kwa saa karibu sawa na anayefanya saa nyingi, na wanawake wengi wako kwenye taaluma hiyo bila kuadhibiwa.

Kipimo chako basi kiwe hiki: nikiondoka saa kumi, kuna mtu anayeweza kushika pale nilipoachia? Kama jibu ni ndiyo, saa zinajadilika. Kama kila kitu kiko kichwani mwako na kwenye simu yako, hazijadiliki hata mkataba useme nini.

Kwa bahati nzuri taaluma yako ina pande zote mbili. Ununuzi wa dharura, wa vipuri vya mashine iliyosimama au vifaa vya mradi ulioko mbali, ni simu usiku na mchana. Lakini kuandaa nyaraka za zabuni, kutathmini wazabuni, kusimamia mikataba inayoendelea, kukagua kumbukumbu za ununuzi na kuhakiki ankara dhidi ya hati za kupokelea mizigo ni kazi zenye kalenda, zinazoacha maandishi, na mwenzako anaweza kuzishika. Kwa hiyo usitafute "kazi ya ununuzi" kwa ujumla. Tafuta huo upande. Taasisi kubwa zenye kitengo cha mikataba, kampuni za ukaguzi, na wafadhili wa miradi wanaohitaji mtu wa kuhakiki manunuzi ndio wateja wako.

Kuhusu aina za mpangilio, nitapita haraka. Kuna kuanza mapema na kutoka mapema, ambako hakupunguzi mshahara, na kwa mwenye mtoto shuleni mara nyingi ndiko kunakotosha. Kuna kufanyia kazi nyumbani siku kadhaa. Kuna kugawana nafasi moja watu wawili. Ni nzuri sana ila ni ngumu kuipata usipokuja na mwenzako mkononi. Na kuna kufanya siku 3 badala ya 5. Hapo nisimame kidogo.

Kazi ya siku 3 ndiyo akina mama wengi wanaomba, na ndiyo inayowaumiza zaidi ikiandikwa vibaya. Mshahara unashuka hadi asilimia 60, lakini orodha ya majukumu inabaki ileile. Jumanne usiku, watoto wakishalala, unamalizia tathmini ambayo hulipwi. Kabla ya kusaini uliza kwa maneno haya: "Katika majukumu haya, yapi yanaondoka, na yanakwenda kwa nani?" Wakishindwa kukutajia, wanakununua kwa bei ya punguzo. Afadhali uchukue siku 5 zenye saa za kutoka zinazoheshimiwa.

Lini useme haya yote? Wapo wanaoshauri kuyasema mwanzoni kabisa, kwa uaminifu. Mimi nasema inategemea. Kama kuna saa ambayo huwezi kuivuka kwa namna yoyote, iseme kwenye simu ya kwanza, msipotezeane muda. Mengine yasubiri hadi waseme wanakutaka. Kati ya ofa na saini ndipo una nguvu kuliko wakati mwingine wowote. Na usiende kuomba huruma; nenda na pendekezo la nusu ukurasa. Kwa mfano: "Napendekeza kuwa ofisini saa moja na nusu hadi saa kumi, Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa kufanyia kazi nyumbani, siku ya kuandika tathmini na taarifa. Siku za kufungua zabuni nitakuwepo hadi kazi iishe. Faili zote zitakaa kwenye folda ya pamoja, na aliyepo ataweza kuendelea. Tujaribu kwa miezi 3, kisha tupime kwa idadi ya zabuni zilizofungwa kwa wakati." Pendekezo la namna hii linamwonyesha meneja kwamba umeshayafikiria matatizo yake.

Akisema wanaofanyia kazi nyumbani hawafanyi kazi kweli, mweleze jaribio la Nicholas Bloom na wenzake katika kampuni ya Trip.com huko China, lililochapishwa mwaka 2024. Wafanyakazi zaidi ya 1,600 walihusika; baadhi waliruhusiwa kufanyia kazi nyumbani siku 2 kwa wiki. Waliokuwa na ruhusa hiyo waliacha kazi kwa theluthi pungufu, na tathmini zao za utendaji na kupandishwa vyeo hazikutofautiana na za wenzao. Kwa mwajiri anayehofia utaondoka, hiyo ni hoja ya maslahi yake mwenyewe.

Angalia pia sheria ya mahali ulipo, kwani zinatofautiana sana. Uingereza, kwa mfano, tangu tarehe 6 Aprili 2024 mfanyakazi anaweza kuomba mpangilio tofauti wa kazi toka siku ya kwanza. Ni haki ya kuomba, si ya kupewa. Mkataba Na. 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema majukumu ya familia peke yake si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, lakini unazibana nchi zilizouridhia tu.

Hilo la "kazi yenye maana" naomba usilitafutie mbali. Wengi wakilisikia wanafikiria shirika la hisani. Nimekutana na watu waliochoka na kukata tamaa humo humo, na nimekutana na wahakiki wa ankara wanaopenda kazi yao kwa sababu wanajua ni wao walioziba mwanya wa wizi. Tazama vitu vitatu kwenye nafasi yoyote: utaona matokeo ya kazi yako? Utatumia unachokijua? Ukisema jambo kwenye kikao, kuna anayesikiliza? La mwisho ulipime kwenye usaili wenyewe. Waulize aliyekuwa kwenye nafasi hiyo alibadilisha nini kabla ya kuondoka, kisha wasikilize wanavyomsema.

Kuhusu mumeo. Ana haki kuhofia kipato, na kama nyumba imebanwa kweli, kazi yoyote ya halali kwa miezi michache si aibu. Ila "yoyote, mengine yatajipa" si mpango. Kwa mtu wa miaka 7 ya uzoefu, kushuka ngazi moja ni bei ya kawaida ya kurudi, na waajiri wengi watakusukumia hapo. Kushuka ngazi mbili au tatu ni jambo lingine: wasifu wako utaanza kusoma kama wa mtu wa ngazi hiyo, na mwajiri ajaye atakupima kwa ulichofanya mwisho. Ukikubali kushuka, waambie waweke tarehe ya kupitia cheo na mshahara, miezi 6 au 12, ndani ya barua ya ajira.

Mkipiga hesabu, msikosee pale familia nyingi zinapokosea: gharama ya kumlea mtoto mchana inatolewa kwenye mshahara wa mama peke yake, kisha inaonekana "hailipi". Mtoto ni wa wawili, gharama itoke kwenye mapato ya wawili. Na msihesabu mshahara wa mwezi wa kwanza tu. Hesabuni akiba ya uzeeni, nyongeza za miaka ijayo, na bei ya kukaa nje mwaka mwingine wa 6. Kisha kaeni mzungumze nani anaondoka kazini mtoto akipata homa saa tano asubuhi. Denmark ina malezi ya mchana yanayogharimiwa kwa sehemu kubwa na serikali, na bado Henrik Kleven na wenzake walikuta mapato ya wanawake yanabaki chini kwa takriban asilimia 20 baada ya mtoto wa kwanza, huku ya baba yakiendelea kama kawaida. Kwa hiyo usitegemee kwamba kituo kizuri cha watoto kitamaliza kila kitu. Kwenye fomu ya shule, jina la kwanza la kupigiwa simu linaweza kuwa la baba kwa siku mlizokubaliana.

Sasa nenda kazini. Usianze na matangazo. Anza na watu, na nyie wa ununuzi mna hazina ambayo wengine hawana: wazabuni wenu wa zamani. Wao wanazunguka ofisi kumi kwa wiki, wanajua kitengo gani kimeelemewa na nani amejiuzulu. Waandikie wenzako wa zamani na wazabuni uliofanya nao kazi kwa heshima, ujumbe mfupi: "Habari za siku nyingi. Narudi kwenye kazi ya ununuzi, hasa usimamizi wa mikataba na uhakiki. Ukisikia kitengo kinachohitaji mtu, nikumbuke. Na kama una dakika 15, ningependa kusikia mambo yamebadilikaje." Hilo la mwisho ndilo linaloleta majibu, kwa sababu watu wanapenda kuulizwa wanachokijua.

Vyeti usivirundike. Kimoja kinatosha, kile kinachoonekana kwenye matangazo mengi ya nafasi unazozitaka. Kama uanachama wako wa bodi ya taaluma umelala, uhuishe kabla ya yote. Ulizia pia programu za wanaorudi kazini. Goldman Sachs walianzisha ya kwao mwaka 2008, ya wiki chache na yenye malipo, na makampuni mengine makubwa yakafuata. Sisitizo langu liko kwenye "yenye malipo". Ukiambiwa ujitolee kwanza, uliza mwisho wake ni tarehe gani na nafasi gani inafuata; wakijiumauma, shukuru uondoke. Na mtu yeyote anayekutumia ujumbe kuhusu kazi ya kufanyia nyumbani, kisha akadai ada ya usajili au ya mafunzo, ni tapeli. Mwajiri wa kweli ndiye anayelipa.

Ukishapata nafasi, miezi 3 ya mwanzo fanya jambo moja ambalo wenzako hawalifanyi: kila jioni kabla ya kutoka andika mistari mitatu kwenye folda ya pamoja, kilichofanyika, kinachosubiri, na nani wa kupigiwa. Inakula dakika 5. Siku mwanao mdogo akiamka na homa, aliyepo atafungua na kuendelea, na wewe utampeleka kwa daktari bila kupigiwa simu kila baada ya dakika 10.